Breki ya Mbele ya Fardosa

Mlio ulifika karakana kabla ya baiskeli. Ulianzia juu, upande wa Kiwanjani, mwembamba kama wa mbuzi aliyebanwa mguu na lango, ukashuka barabara nzima, ukapanda, ukakwaruza, ukakatika ghafla. Kikafuata kishindo cha ndoo kuanguka. Kisha sauti ya mwanamke ikatukana kwa Kimeru.

Abdikadir hakutoka nje. Alibaki amechutama, spana mkononi, macho chini, kama mtu anayesomewa hukumu aliyokwisha kuijua.

"Hiyo ni breki yako inakuita, fundi," alisema Ewesit, mwendesha bodaboda aliyezoea kuegesha pikipiki yake kwenye kivuli cha karakana na kulipia kivuli hicho kwa maneno. "Wewe huhitaji bango. Hii inatangaza mpaka Gotu."

"Ewesit, nyamaza."

"Mimi nimenyamaza. Iambie baiskeli inyamaze."

Fardosa aliingia akiisukuma, sketi yake ndefu imelowa maji hadi magotini. Alikuwa mdogo wake Abdikadir kwa miaka mitatu, na ulimi wake haukuwa mdogo hata kwa siku moja.

"Nimeangusha ndoo mbili za yule mama wa maji," alisema. "Nimevuta breki mpaka vidole vikaumana na mpini. Kulia, imelia. Kusimama, haikusimama."

"Jana jioni ilisimama. Mimi mwenyewe niliipanda."

"Basi jana jioni ungenipeleka kwenye mtihani."

Mtihani ulikuwa Jumamosi, na ile ilikuwa Jumatano. Watu wa hifadhi kule upande wa Leparua walitaka askari sita wa kupiga doria kwa baiskeli kwenye vijia ambavyo gari haliingii. Waliojiandikisha walikuwa arobaini na mmoja, na Fardosa alikuwa miongoni mwao. Kila mmoja angeshuka kilima cha mawe na kusimama kabla ya mstari wa chokaa. Gurudumu likigusa chokaa, unarudi nyumbani. Fardosa alikuwa amekaa nyumbani miaka miwili tangu amalize shule, na nyumbani alikuwa amekuchoka.

Tatizo la Abdikadir lilikuwa kwamba alishasema. Jumapili, mbele ya Ewesit na watu wengine, alichora mstari vumbini kwa kidole cha mguu na kutamka: "Dada yangu atasimama hapa, hata kilima kikipakwa sabuni." Wengine wote mjini walifunga breki za waya. Yeye alikuwa ametafuta baiskeli ya mlima ya mtumba yenye diski, sahani ya chuma katikati ya gurudumu, akaifungia breki ya mafuta, ile ambayo kidole kimoja kinatosha. Mutembei, mwenye duka la spea, alimshauri aache. "Breki ya waya ikikosea unaikaza kwa koleo," alisema. "Ya mafuta ni kama bibi harusi. Inataka usafi." Abdikadir alicheka. Nani msafi kumshinda yeye?

Sasa hacheki. Jumatatu asubuhi breki ya mbele ililia, akabadilisha pedi, vile vibao viwili vidogo vinavyoibana diski. Jioni iliuma kama mbwa. Jumanne asubuhi ikalia tena. Akaichoma sindano, akatoa hewa yote kwenye mafuta, akakaza kila parafujo. Jioni ikauma. Leo imelia mara tatu zaidi. Jioni ni nzima, asubuhi ni mgonjwa. Ugonjwa gani huo unaopona magharibi na kurudi alfajiri?

Alizichomoa pedi. Zilikuwa zinang'aa, nyeusi, laini kama ulimi. Akaziweka kwenye makaa ya jiko ili zitoe uchafu. Moshi ulipanda, na pamoja nao harufu nzuri ya chakula.

"Nani anapika?" Ewesit aliinua pua. "Hiyo ni samli, wallahi."

"Mama jirani," alisema Abdikadir bila kugeuka. "Shika tumbo lako."

Kitu kimoja tu kilibaki kichwani mwake: fundi ni yule yule, mikono ni ile ile, baiskeli ni ile ile. Kigeni hapo ni pedi. Na pedi zilitoka kwa nani?

Alitembea hadi dukani kwa Mutembei akiwa amezifumbata kiganjani, zikiwa bado za moto. Ewesit alimfuata kwa sababu aliona uso wake. Dukani kulikuwa na wateja sita.

"Wewe Mutembei! Umeniuzia udongo uliopakwa rangi!"

Mutembei, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinyoosha mkono. Alizipokea pedi, akazigeuza, akazinusa.

"Hizi zimekunywa mafuta," alisema.

"Mafuta yatoke wapi? Mimi huosha mikono kama daktari!"

"Sijasema mikono yako."

"Umesema mimi fundi mchafu! Wewe unaleta takataka, unatuwekea bei ya dhahabu, halafu unatusingizia uchafu. Wewe ni mwizi. Mwizi wa mchana!"

Neno hilo lilipotoka, wateja wote waligeuka. Mutembei alizirudisha pedi juu ya kaunta, taratibu, moja kando ya nyingine.

"Nimeuza spea mji huu tangu unanyonya," alisema. "Toka."

Abdikadir alizikwapua pedi, akatoka kichwa juu. Kufika saa nne, Ewesit alikuwa amelifikisha lile neno stendi ya magari, na huko likapandishwa kila gari.

Alhamisi yote Abdikadir hakugusa baiskeli ya mteja. Aliisugua diski kwa spiriti mpaka akauona uso wake ndani yake. Pedi alizipiga msasa, akazichoma tena, akazipiga msasa tena mpaka zikabaki nyembamba kama sarafu. Jioni Fardosa alishuka mteremko wa nyuma ya soko la mifugo na kusimama kwa shubiri mbili kabla ya jiwe alilochagua.

"Imepona," alisema Fardosa.

"Usiseme hivyo," alisema Abdikadir. "Kila jioni imepona."

Fardosa aliipanda hadi nyumbani Kiwanjani, akaiegemeza ukutani, pale inapolala kila siku.

Ijumaa Abdikadir alirudi kutoka msikitini baada ya swala ya alfajiri, mwanga ukiwa ndiyo kwanza unafungua uwanja. Bibi yao Kabale alikuwa amechutama mbele ya baiskeli. Mkono wa kushoto alishika kibuyu kidogo. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vinazunguka juu ya diski ya mbele, polepole, kwa upendo, na midomo yake ilikuwa inaomba.

"Akoo! Bibi, unafanya nini?"

"Naomba. Usinikate."

Alimaliza. Alifuta vidole kichwani mwake mwenyewe, akafunika kibuyu. Kilikuwa cha samli.

"Tangu lini?" Sauti ya Abdikadir ilimtoka nyembamba kama ile ya breki.

"Tangu alfajiri ya Jumatatu, baada ya mtoto kusema atashuka mlima kwa chuma. Lori la babu yako nililipaka kila safari, mpaka Moyale, na halikupinduka hata siku moja. Ngamia wa kwanza nilimpaka. Wewe mwenyewe nilikupaka, mbona umesimama hapo mzima?"

"Kila siku, Akoo?"

"Mara ya kwanza nilipaka kidogo tu. Ikaanza kulia. Kitu kikilia ni kikavu, hata mlango unajua hivyo. Nikaongeza. Ikalia zaidi, nikaongeza. Hii baiskeli yako ina kiu sana."

Abdikadir alikitazama kibuyu, kisha bibi yake. Angekuwa mshindani angemkaba. Angekuwa mwizi angempigia kelele. Ghadhabu ilimjaa hadi kooni na haikuona mlango wa kutokea. Siku tano! Siku tano anaisafisha jioni, na huyu anaipaka asubuhi, kila mmoja kwa moyo wake wote.

Fardosa alitoka chumbani akifunga mtandio, akaona kibuyu, akaona diski, akaelewa. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha ghafla, kama mtu aliyekumbuka chungu motoni.

"Mtihani ni kesho," alisema.

Kabale aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Mnataka kuniambia dua yangu imemharibia mtoto?"

Mkono wake ulikuwa umebaki hewani. Abdikadir akaona kwamba jibu la kweli, likisemwa vibaya, lingemvunja.

"Dua haina kosa, Akoo. Ni mahali tu. Hicho ulichopaka ni meno ya baiskeli. Meno yakipakwa samli hayaumi."

"Mimi niliona ndicho kinachong'aa. Nikajua ndicho kipaji cha uso wake."

"Kipaji chake ni hapa." Alimwonyesha juu ya fremu, chini ya usukani. "Hapa hakuna kinachosugua."

"Ungeniambia Jumapili."

"Ungeniuliza."

"Nimuulize nani? Mtu anayeongea na spana?"

Abdikadir alizichomoa pedi. Zilikuwa zimenyonya tena, na moja ilikuwa na ufa katikati. Haziwezi kuchomwa mara ya tatu. Alipiga simu Meru: zipo za breki za waya tu. Alipiga Nanyuki: zipo, zitafika Jumamosi saa nane mchana. Mtihani ulikuwa saa mbili asubuhi.

"Nitaenda mimi kwa Mutembei," alisema Fardosa. "Mimi sijamtukana."

"Hapana."

"Basi tutafanyaje? Nishuke na kiburi chako? Kiburi chako hakina breki, ndugu yangu, hiyo nimeshaijua."

Abdikadir alikwenda mwenyewe. Njia ya dakika kumi aliitembea nusu saa. Kila hatua alitunga sentensi, na kila sentensi ilikuwa na kisingizio ndani yake.

Dukani Mutembei alikuwa anapima mpira wa tairi kwa rula. Hakuinua macho. Ewesit naye alikuwepo, amekuja kununua balbu, na alipomwona Abdikadir hakuitaka tena balbu, alitaka kubaki.

"Habari ya asubuhi, mzee."

"Duka la mwizi limefungwa."

"Nimekuja kununua pedi."

"Za udongo au za rangi?"

Ewesit alikohoa kicheko. Abdikadir alihisi masikio yanawaka.

"Nimekosa," alisema.

"Sikusikia. Jumatano nilikusikia vizuri sana. Hata kinyozi upande wa pili alikusikia."

"Nimekosa, mzee. Pedi zako zilikuwa nzuri. Zilikuwa na mafuta, kama ulivyosema."

Mutembei sasa aliweka rula chini na kumtazama juu ya miwani. "Na mafuta yalitoka wapi?"

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Angesema neno moja tu, bibi, na duka zima lingeangua kicheko, na kicheko kingemfutia kosa. Nani angemlaumu kijana mwenye bibi wa namna hiyo? Lakini Ewesit alikuwa amesimama pale, masikio wazi. Kabla ya adhuhuri stendi nzima ingekuwa inamcheka Kabale, mzee aliyeamka alfajiri tano kumwombea mjukuu wake.

"Kwangu," alisema.

"Kwa mikono ile ya daktari?"

Aliiweka mikono yote miwili juu ya kaunta.

"Ndiyo. Kwa mikono yangu."

Ewesit alipiga mluzi. Mutembei hakucheka. Aliuliza, kwa sauti ya kazi: "Hicho kilima kina mawe au mchanga?"

"Mawe. Mita mia mbili, mwinamo mkali."

"Zile nilizokupa mara ya kwanza ni laini. Zinanyamaza, lakini zikipata joto zinachoka. Mteremko huo unataka za chuma. Zinapiga kelele kidogo, lakini chini kabisa bado zinashika. Kuna diski zinazokataa pedi za chuma. Yako haikatai."

"Umejuaje?"

"Niliiangalia Jumatatu ulipopita hapa ukiringa nayo." Alipanda kigoda, akatoa pakiti ndogo kutoka rafu ya juu kabisa. "Hii ni moja, hakuna nyingine. Osha diski kwa spiriti kwanza. Halafu ashuke na kusimama polepole mara ishirini, ndipo pedi na diski zijuane."

Abdikadir alinyoosha mkono. Mutembei hakuachia pakiti.

"Bei yake unaijua," alisema. "Lakini Jumatano uliniita mwizi mbele ya watu saba. Leo umeniomba msamaha mbele ya mmoja. Wateja wawili hawajarudi. Binti yangu ameulizwa shuleni kama baba yake ni mwizi. Hesabu yako haijatimia, kijana."

Abdikadir alimtazama Ewesit, na kwa mara ya kwanza Ewesit aliangalia chini. Nje, mtu alipita akiswaga mbuzi, na kengele zao zilichukua muda mrefu kuisha. Kesho kilimani kungekuwa na watu wengi kuliko mnadani. Wale wote walioambiwa kuhusu mstari wake vumbini wangekuwa pale, wakimtazama yeye kabla ya kumtazama Fardosa.

"Mzee Mutembei," alisema, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, mpaka kinyozi akatokeza kichwa mlangoni mwake. "Kesho asubuhi, kabla Fardosa hajapanda baiskeli, nitasimama kilimani mbele ya kila mtu. Nitasema kwa sauti ile ile niliyokuitia mwizi, kwamba pedi za Mutembei zilikuwa safi na mchafu nilikuwa mimi. Dada yangu asimame au aupite mstari, nitasema. Nakuahidi."

Mutembei aliiachia pakiti.