Barua Isiyotaja Mtu

Saa tano na nusu asubuhi uliingia ujumbe kutoka kwa mratibu wa mfuko unaowasafirisha wanafunzi wa uzamivu kwenda makongamano: "Barua ya msimamizi wako haimtaji mwanafunzi. Tuma nyingine kabla ya saa sita kamili, la sivyo ombi linafutwa."

Kinda, ndivyo maabara nzima ilivyomwita tangu aingie akiwa mdogo kuliko wote, aliusoma mara mbili. Miaka minne alikuwa akiifundisha kompyuta kuelewa maneno ya watu wenye kigugumizi. Makala yake ilikuwa imekubaliwa kwenye kongamano la utafiti wa kompyuta ng'ambo, kwa sharti moja: mwandishi asipofika kuiwasilisha, inaondolewa. Bila mfuko ule hakuna tiketi, na bila tiketi miaka minne imekwenda na maji.

Akaifungua barua. Kurasa mbili za sifa, na kila mahali ni "mtafiti huyu", "mwandishi huyu". Jina, hata kwa dawa. Akajua kilichotokea, au alidhani anajua. Watu wa fani yao hufuta majina kwenye makala ili wanaozipima wasitambue ni za nani. Profesa aliyemsimamia, mzee wa watu, kwa mazoea, alikuwa amemfuta hata anayemwombea msaada. Angekuwa na nafasi angecheka.

Simu ya Profesa ilikuwa imezimwa. Kinda akashuka ngazi mbili mbili, kompyuta mpakato kwapani, hadi kwa katibu muhtasi.

"Yuko chumba cha utetezi," mama yule alisema bila kuacha kugonga mihuri. "Wanamtahini mwenzenu. Umesahau?"

"Mpaka saa ngapi, mama?"

"Saa saba. Na usithubutu kubisha, mwanangu. Aliyebisha mwaka jana alitoka mkuku."

Ilipofika saa sita kasorobo alikuwa mlangoni. Ndani alimsikia rafiki yake, waliyekaa naye meza moja tangu siku ya kwanza, akijibu swali kwa sauti ya kutetemeka. Kubisha sasa ni kumtilia mwenzake kitumbua mchanga. Kunyamaza ni kujichimbia kaburi mwenyewe. Alisimama dakika nane nzima, akijichukia, akingoja jibu lile liishe. Lilipoisha, akabisha.

Watahini watatu waligeuka. Rafiki yake alimtazama, kisha akatazama sakafu. Kinda akaeleza kwa pumzi moja na kuiweka kompyuta mbele ya Profesa.

Profesa hakukasirika. Alivaa miwani. "Wenzangu, mnivumilie kidogo," akasema. "Huyu Kinda ndiye mwanafunzi bora niliyewahi kumsimamia. Lazima aende."

Kinda nusura alie kwa shukrani. Mzee aliweka vidole juu ya vitufe, akaanza: "Ninathibitisha kwamba". Akakoma. Dakika ikapita, na nyingine. Jasho likamtoka kipajini. Mtahini mmoja akakohoa.

Mwishowe Profesa alimwinamia, akanong'ona:

"Nisamehe, mwanangu. Jina lako hasa ni nani?"

Hakuwa amelifuta, basi. Hakuwahi kulijua. Zilikuwa zimebaki dakika tatu. Kinda akalitaja lote, majina yake matatu, kwa sauti iliyofika hadi kwa rafiki yake, kisha akasimama begani kwa mzee mpaka alipomaliza kuliandika.