Konokono wa Chuma

Haya yote ni kweli tupu, na atakayeokota uongo humu ndani aje anidai. Nimeyapata kwa Mzee Chumvi mwenyewe, na Mzee Chumvi, tangu astaafu ufundi wa lifti, hasemi uongo hata siku moja. Huukoleza ukweli tu, usiwe chapwa.

Asubuhi moja mjukuu wake wa kike, muuguzi, alimwachia pedi ya kuchezea mchezo wa video kabla ya kwenda zamu. Mchezo wenyewe ulitoka Ujapani, na haukutengenezwa na kampuni yenye maghorofa. Ni watu wawili tu, sebuleni kwao. Kidege kinaruka kutoka kushoto kwenda kulia, na kila kilicho mbele yake kinakitemea risasi.

“Usikitazame kidege chote, babu,” mjukuu alimwelekeza huku akifunga viatu. “Tazama hilo doa jekundu katikati. Risasi ikipita kwenye bawa, si kitu. Ikigusa doa, umekwisha.”

“Doa lenyewe kama punje ya mtama!”

“Ndiyo roho yake hiyo, mume wangu,” mjukuu akamtania. “Ilinde.”

Mzee Chumvi akabaki na roho ya watu mikononi. Mtu aliyekula mshahara wa kupanda na kushuka, leo anaambiwa aende ubavuni! Akafa mlangoni. Akafa tena. Akafa miwani imepanda kipajini. Lakini mdogo mdogo akavuka mawingu, akavuka magofu na msitu wa mabomba, hata akatokea bosi, adui mkuu wa mchezo: konokono wa chuma, mkubwa kama kilima.

Kilichotokea hapo alikisimulia jioni, mjukuu aliporudi.

“Nimemuua konokono! Kwa mkono mmoja. Wa pili ulishika kikombe.”

Mkewe alikuwa anakunja nguo, hakuinua macho. “Na chai haikumwagika?”

“Hata tone!”

“Haya. Kama ni uongo, masharubu hayo nayanyoa leo hii.”

Mzee akayapapasa. Aliyafuga tangu wiki ya kwanza ya ajira. Mitaa mizima ilimjua kwa masharubu kabla ya kumjua kwa sura. Lakini mdomo ulishatangulia. “Nyoa na nyusi!”

Mjukuu akaangua kicheko. “Babu, mchezo huu hujirekodi wenyewe. Ngoja tuone.”

“Aa, ya nini kuisumbua runinga, nayo imechoka...”

Runinga ikawaka.

Konokono akaja. Gamba lake likaanza kuzunguka, polepole, na risasi zikamiminika, za waridi na za samawati, duara ndani ya duara, zikichanua na kufumba, mpaka mbingu ikaisha, yakabaki maua. Na katikati ya maua yale kidege kilikuwa kimesimama. Hakikwepi. Hakipigi hata risasi moja.

“Mbona hubonyezi?” mjukuu akanong’ona.

Mzee akasogea karibu na runinga. Mchana ule pedi ilimteleza ikaanguka mapajani bila yeye kujua. Alikuwa amesahau kwamba vile ni vifo vinavyomjia. Sasa aliviona tena, na mwili ukamsisimka vilevile: mto wa moto ukifika kwenye punje ile nyekundu, ukigawanyika, ukipita juu na chini yake, ukiungana tena nyuma yake, kana kwamba mtu huko mbali alikaa akachora njia ya kila cheche, akaacha mahali padogo pa kuishi.

Mkewe alikuwa ameshika shati, mkono mmoja umekunjwa, wa pili unaning’inia. “Subhana,” alisema taratibu. “Kumbe kuna watu wana mikono hivi.”

Kisha cheche moja, ndogo, wala haina haraka, ikaja ikaligusa doa. Kidege kikapasuka.

Halafu bibi akaweka shati chini. “Umeuawa na konokono.”

“Mke wangu...”

“Ungetusimulia hiki tulichokiona, hata maji ya kuoga ningekuchemshia. Kaa hapo. Binti, lete wembe na sabuni.”

Mzee Chumvi akakaa, taulo shingoni, povu hadi puani, macho hayajabanduka kwenye runinga.

“Rudisha nyuma,” alimwomba mjukuu. “Pale gamba linapoanza kuzunguka.”

“Funga mdomo,” mkewe akamwambia, na wembe ukapita.