Ushahidi Wangu Juu ya Ndoa ya Felistus

Haya ni kweli kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho; anayebisha aje Mella aniulize mimi Mangeni, mstaafu wa reli.

Mwaka 1966 mpwa wangu Felistus alikuwa amemchoka mumewe Osborn. Hakupiga kelele. Alikunja nguo zake, akavuka mpaka wa Kenya na Uganda pale Busia, akarudi kwetu. Padri wa Tororo akamweleza taratibu: talaka hakuna. Anaweza kuruhusiwa kutengana, kila mtu akae kwake, lakini atabaki mke wa Osborn mpaka kifo. Au ndoa itangazwe batili, kwamba haikuwapo tangu mwanzo. Hapo ataweza kuolewa upya kanisani. Kwa hilo, lazima shahidi aseme kwamba Felistus aliolewa kwa nguvu.

Felistus alitaka hilo la pili. Fundi cherehani Bartholomew alikuwa akimngoja.

"Mjomba, ulikuwapo asubuhi ile ya harusi," aliniambia. "Sema tu ulichosikia."

Nilichosikia ni hiki: aliniambia hataki, nami nikamwambia anawe uso, watu wanangoja. Sasa niseme hivyo mbele ya padri? Mimi?

Tukatembea hadi parokia, tukangoja kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi. Nikaapa mbele ya padri. Nikasema alilia njia nzima.

"Mabibi harusi wa huku wote hulia," akasema katekista Odoi huku akiandika. "Asipolia wataona hana adabu. Wangu alilia kutoka Paya mpaka Kwapa, akafika akaomba chai."

Nikaona ushahidi unalegea, nikauongezea nyama. Nikasema wanaume sita walimfunga kamba juu ya baiskeli, na Omaido ndiye aliyekaza fundo.

Odoi akaweka kalamu chini. "Omaido gani, mzee? Yule niliyemzika mwaka mmoja kabla ya harusi hiyo?"

Ndipo nikasema ukweli wote, hata ule wa kunawa uso. Lakini padri alikuwa ameshafunga faili. Alimwandikia Felistus ruhusa ya kutengana, basi.

Njiani Felistus hakunisema. Walionisema ni wazee wa ukoo: aliyeapa uongo amlipe aliyemuumiza. Nikampelekea mbuzi jike mwenye mimba. Sikuwa na mwingine.

"Mfunge pale, mjomba," akasema bila kuinuka. "Bartholomew ameshaoa."