Mahojiano na Bi. Dorika wa Chilangala

Majibu matatu yalikuwa yamepangana kwenye shuka jeupe tulilolitundika ubaoni, na yote matatu yalisema jambo lilelile. Projekta ya chuo chetu hapa Masasi ina ukungu upande mmoja, lakini siku hiyo maneno yalisomeka hadi dawati la nyuma: kabla ya mabomba kufika, wanawake wa Chilangala walinawa uso mtaa mzima kwa bakuli moja, kisha maji yaleyale wakayasongea ugali.

Darasa likacheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti kuliko wote, maana mzaha huo niliujua kabla wale wanachuo hawajajifunza kusoma. Ulikuwa wangu.

Zoezi lenyewe pia lilikuwa langu. Kila mwanachuo achukue swali la utafiti wake, aliulize kwenye vitafutio vitatu vya mtandaoni: kile cha kawaida kinachotumiwa na kila mtu, kile cha makala za kitaaluma, na ile akili mnemba inayojibu kama mtu anayeongea. Alinganishe majibu, atuambie kipi cha kuaminiwa na kwa nini. Yuster, binti wa Newala asiyepoteza maneno, aliuliza watu wa kule juu uwandani, Chilangala iliko, walipataje maji zamani.

"Cha kwanza kimenipa jibu hili bila kusema kimelitoa wapi," alisema, rula yake ikitembea juu ya shuka. "Cha pili kimenipa ripoti ya utafiti ya stashahada. Cha tatu kimeeleza vizuri kupita vyote, hadi kimeongeza kwamba ni desturi ya kale. Nimevifuata nyuma kimoja kimoja. Vyote vinaishia kwenye ripoti ileile, na ndani ya ripoti anayelisema jambo hili ni mtu mmoja tu: Bi. Dorika wa Chilangala, kwenye mahojiano."

"Ugali wa bibi huyo una sabuni," alisema Yassini kutoka nyuma, na kicheko kikaanza upya.

Yuster alisubiri kiishe. "Ni bibi yangu," alisema. "Ndiye aliyemzaa mama. Nimempigia simu. Anasema hajawahi kuhojiwa na mtu yeyote."



"Nani kaiandika?" aliuliza Yassini, safari hii bila mzaha.

Yuster alizima projekta. "Jina nimeliacha. Nilitaka kumuuliza mwalimu kwanza kama ni vizuri kulisoma."

Hakuniangalia. Angeniangalia ningepata pa kushika. Ningekonyeza, ningechomekea neno, ningeponyoka kama nilivyozoea. Nimefukuzwa kazi mara mbili, nimepanga mitumba chini kwenye minada ya vumbi, nimelala nyumba za watu wasionitaka, na kote huko mdomo ndio ulionivusha. Siku hiyo haukunivusha. Nikatangaza kwamba muda umekwisha. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini, na kila mmoja mle darasani alikuwa na saa.

Ukoo wetu wa Lulindi na ukoo wa Bi. Dorika ni watani tangu enzi za mababu. Bibi huyo sisi tunamwita Mama Agnes, kwa jina la mwanawe. Baba yangu alipofariki, aliteremka kutoka Chilangala, akavaa koti la marehemu, akatembea mbele ya waombolezaji kwa mwendo wa marehemu wa kuvuta mguu, akidai apewe jogoo, la sivyo jeneza halitoki. Tulicheka huku tukilia. Ndipo nilipomrushia lile la bakuli, naye akanijibu kwamba sisi wa bondeni tuna maji tele na bado tunanuka. Kila mmoja akapata chake. Jogoo akakamatwa, jeneza likatoka.

Mwaka uliofuata nilitakiwa kufanya utafiti wa stashahada kuhusu maji uwandani. Nauli nilikuwa nayo. Nilichokosa ni moyo wa kupanda huko na kukaa siku tatu nikisikiliza watu. Nikajifungia kwa rafiki hapa Masasi, nikaandika mahojiano sita kutoka kichwani, na Mama Agnes nikamtilia kinywani mzaha wangu mwenyewe, nikiwa nimeuvika suti na tai: "Ilikuwa ni desturi yetu." Msimamizi aliandika pembeni, "Maelezo mazuri." Baadaye chuo nilichosoma kiliziweka ripoti zote za zamani mtandaoni, nami nikajiona msomi.

Kesho yake darasani niliandika jina langu ubaoni, Felix, pamoja na jina la ukoo, chini ya kichwa cha ripoti ile. Sikueleza sana. Yassini aliinamisha kichwa kana kwamba kosa ni lake. Nikakiandikia chuo kile barua kuomba ripoti iondolewe. Kisha nikaiuliza akili mnemba swali la Yuster. Ilinijibu kwa adabu sana kwamba, kwa mujibu wa utafiti, wanawake wa Chilangala walikuwa na bakuli moja.

Jumamosi nikapanda Chilangala na Yuster.

Mama Agnes alikuwa amekaa juu ya mkeka akibangua korosho, vidole vyake vyeusi kwa mafuta ya maganda.

"Shikamoo, Mama Agnes."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu."

Mwalimu. Miaka yote ameniita mtumwa wake kwa utani. Nikajaribu kucheka. "Nimekuja kunywa yale maji ya bakuli, mtani."

"Yuster, mletee Mwalimu maji," alisema. "Bilauri safi ipo kabatini."

Ililetwa juu ya kisahani, kama anavyoletewa mkaguzi. Nikanywa yote, kisha nikamweleza, bila kupamba. Akatupa ganda kando, akanitazama.

"Siku ile msibani ulinitukana, nami nikakutukana. Ulikuwa mbele yangu. Huko ulikoniweka sasa, mimi nakujibia wapi?"

"Hakuna pa kujibia, mama."

"Mama yangu alikuwa anateremka bondeni alfajiri na mtungi, anarudi jua limepanda. Mdogo wangu alimzaa njiani, kwenye ule mteremko. Alifika hapa na mtoto, na maji hakuyamwaga. Ungeniuliza ningekwambia."

Nikatoa daftari. Nikasema nimekuja kumhoji, safari hii kweli, na nitaandika kila neno atakalolisema.

"Utaandika," alisema. "Ila kwanza lile andiko la zamani. Umekuja nalo?"

Lilikuwemo mkobani.

"Mimi kusoma sijui. Yuster nimemwomba, amekataa, anasema anaona aibu. Kwa hiyo dunia nzima imesikia niliyoyasema isipokuwa mimi. Nisomee."

Majirani wawili, wanawake wa rika lake, walikuwa wamesogea na korosho zao. Hakuna aliyetabasamu. Nikafungua ukurasa wa kumi na nne, nikasoma kwa sauti zile sentensi nilizoziona zimekaa vizuri nilipoziandika. Nilipofika mwisho nikazikunja karatasi.

"Rudia," alisema Mama Agnes, akichukua korosho nyingine. "Pale penye jina langu. Polepole."