Nyanya za Vumbi la Mawe

Hakuwa na barakoa. Hakuwa na glavu, wala buti zisizovuja, wala meno ya mbele ya juu. Hakuwa na mtoto wa kumtuma dukani, kwa kuwa wote walishaolewa mbali. Pumzi ya kumaliza sentensi ndefu hakuwa nayo tena, ndiyo maana watu walimwona mpole. Alichokuwa nacho ni nyanya.

Katika nyumba zile za wafanyakazi wa kiwanda cha kusaga mawe, udongo ulikuwa umechoka kabisa. Majirani walipanda wakavuna majani ya njano. Yeye na mkewe walikuwa na utaratibu wao. Jioni akirudi kazini, kabla ya kuvuka kizingiti, alisimama katikati ya matuta, mikono juu kama mtu aliyekamatwa, na mkewe akamchapa ovaroli kwa mpini wa ufagio.

“Geuka. Tuta la kabichi halijapata.”

“Nimegeuka. Usinichape kwa hasira za jana.”

“Za jana nilishamaliza. Hizi ni za kesho.”

Vumbi lilimwagika kijivu juu ya ardhi. Mkewe alilichanganya na samadi iliyooza na maganda ya jikoni, akalifunika, akaliacha mvua ilifanyie kazi, maana jiwe hata likisagwa halitoi chakula chake kwa pupa. Misimu ikapita. Majani yakakolea, nyanya zikajaa hadi vijiti vikainama.

Kisha kiwanda kikagundua kwamba uchafu wake unauzika. Likaja turubai getini, na kila mfanyakazi akalazimika kujikung'uta hapo kabla ya kutoka, mlinzi akimtazama. Vumbi likatiwa kwenye mifuko yenye picha ya jani, likauzwa kama mbolea. Na siku moja afisa masoko, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, akaja mwenyewe bustanini na kamera. Alichuma nyanya bila kuomba, akaing'ata.

“Mzee wangu, hizi umezilisha nini?”

“Vumbi la kwenu.”

“La kwetu.” Kijana alicheka, akafuta kidevu. “Ulilitoa kwa ruhusa ya nani? Lakini usiogope, sikuja kwa shari. Nataka barua tu, kwa mkono wako. Useme umefanya kazi kwenye vumbi hili tangu ujana, umelivuta, umelila kwenye mboga, na uko mzima.”

“Mzima.”

“Wateja wana wasiwasi. Kuna maneno yanatembea.”

“Maneno gani?”

“Ya shemeji yako.”

Kikohozi kikamkamata mzee. Kijana akangoja kwa adabu, macho kwenye nyanya, mpaka kikaisha.

“Unaona? Unahitaji kazi nyepesi. Kule kwenye kitalu chetu cha mfano anatafutwa mtu wa kumwagilia. Kivuli, hewa safi. Barua ikifika kesho, keshokutwa uko huko. Isipofika, basi tutazungumzia mali ya kampuni uliyokuwa ukitoka nayo mwilini.”

Shemeji mwenyewe, mdogo wa mkewe, alikuwa amelala chumba cha nyuma. Yeye na mzee walilisha mawe pamoja kwenye mdomo wa mashine. Sasa shemeji alikuwa haamki kitandani, na malalamiko yake juu ya vumbi katika ofisi ya kazi yalimngoja shahidi mmoja tu. Jumatatu. Mzee alikuwa ameahidi.

Kijana alipoondoka, mzee hakuweza kukaa. Alikitoa kigoda mlangoni akakipeleka dirishani, akakirudisha. Alitoka akafunga nyanya zilizokwisha kufungwa. Akashika jembe akapalilia mahali pasipo na magugu.

“Shemeji!” sauti ikatoka dirisha la nyuma. “Unapalilia au unanichimbia kaburi?”

“Napalilia.”

“Basi taratibu, unanichosha mimi niliyelala. Na Jumatatu uvae lile shati la kola. Watu wa ofisi huwa wanaamini kola.”

Mzee akacheka, kwa kuwa ilibidi acheke. Aliingia ndani, akaosha mikono, akaandika barua ya kijana. Maneno yalikuja vizuri hadi kwenye *mimi ni*. Hapo akaiweka kalamu. Akatoka nje, akazunguka nyumba, akarudi, akatoka tena. Aliporudi mara ya pili mkewe alikuwa mezani, karatasi mbele yake.

“Hapa umeacha.”

“Siwezi.”

“Andika.”

“Ni mdogo wako yule.”

“Mimi ndiye niliyembeba mgongoni, unaniambia mimi yeye ni nani?” Alishusha sauti. “Daktari aliniita pembeni. Kwa yule, ushahidi au bila ushahidi, tunangoja siku. Wewe bado unatembea. Nataka nibaki na mmoja.”

“Na hao wengine walioko pale mashineni?”

Mkewe aligeuza karatasi imwelekee mumewe. Alimsogezea kalamu.

“Jumatatu nitamtazama vipi usoni?”

“Jumatatu utakuwa kazini. Atatazamana na mimi.”

Akaandika: *mzima*. Akatia sahihi. Alitaka kulamba gundi ya bahasha, lakini kinywa kilikuwa kikavu, na kikohozi kikaja juu yake. Mkewe akaichukua, akaipitisha ulimini kutoka kona hadi kona, akaikandamiza mezani kwa kiganja.

“Dada,” ikasikika kutoka chumba cha nyuma, “hiyo ndiyo barua ya ofisi ya kazi?”

“Ni barua,” akajibu. “Lala.”

Alivuka barabara na kandambili zake hadi kwenye sanduku la kampuni lililotundikwa uzioni. Mzee alimwona kutoka dirishani. Bahasha ilikwama, kona moja ikabaki nje. Mkewe akaisukuma kwa kidole, taratibu, mpaka ikaingia yote.