Kizungu cha Huzuni

Loyce alikuwa na daftari la maneno ya huzuni. Si kwamba alikuwa mtu wa majonzi, hapana. Mwalimu Khatibu ndiye aliyemsababishia. Mwalimu huyu, mtu wa Pangani aliyepangiwa kazi Mabamba, huku mpakani na Burundi, aliisoma insha yake ya Kiingereza mbele ya Form Three nzima. "Nyumba imeungua, sad. Kuku kafa, sad. Bibi kafa, sad tena! Yaani wewe bibi na kuku kwako msiba mmoja?" Darasa likavunjika mbavu. Loyce, ambaye hata jina lake likiitwa asubuhi aliitikia kwa kunong'ona, akaenda kwenye kamusi akanakili mengine yote. Sorrow. Grief. Misery. Despair. Akayapanga kuanzia jepesi hadi zito. Tangu siku hiyo wenzake wakamwita Dikshenari.

Ilikuwa 2015, mwezi wa tano, watu wanavuka kutoka Burundi kila siku na magodoro kichwani. Walipokelewa kwenye mahema karibu na shule, wakisubiri mabasi ya kuwapeleka kambini Kasulu. Humo kulikuwa na dada mmoja wa kizungu aliyewasikiliza kina mama mmoja mmoja. Aliyemwona ameelemewa alimbakiza hema la wauguzi, apate mtu wa kukaa naye. Wengine walipanda basi. Sasa mkalimani wake kashikwa na malaria. Mwalimu Khatibu Kiingereza anacho, ila Kiha, lugha ya kina Loyce, hana hata cha kuombea maji, na Kiha na Kirundi ni mtu na dada yake.

"Twende, Dikshenari," akamwambia Loyce. "Leo sauti utaitoa, upende usipende."

Niyibizi alikuwa wa saba kuitwa. Msichana tu, labda miaka ishirini na miwili, kitenge kimefungwa mgongoni. Alikaa mbele kabisa ya kiti, hakuegemea, akawa anajitikisa taratibu huku mkono mmoja unapigapiga kwa nyuma. Loyce akanyoosha shingo amwone mtoto. Kitenge kilikuwa bapa. Hamna mtu.

Yule dada akauliza anajisikiaje.

"Ni amahoro," akajibu Niyibizi. Ni amani.

Loyce aliona kabisa kuwa si amani. Lakini kwao mtu ndivyo anavyojibu, hata maiti ikiwa bado ndani, kama anayeuliza ni mgeni. Na mtoto aliyekufa kabla ya kupewa jina ndiyo hatajwi kabisa, maana utamtajaje? Bibi yake Loyce alizika wawili wa hivyo, na mpaka leo ukimuuliza kazaa wangapi, anawaruka. Kumsemea mtu jambo alilolinyamazia mwenyewe ni utovu wa adabu. Loyce akainamisha kichwa.

"She is fine," akasema.

Dada akaweka alama kwenye fomu, akaonyesha foleni ya basi. Niyibizi akainuka kwa uangalifu, kiganja kimeshikilia kitenge kwa chini, mtoto asije akateleza.

Mama aliyefuata hakungoja hata kuulizwa. "Yule mmemwachia?" akamwambia Loyce kwa Kirundi. "Yule kajifungulia njiani. Siku ya nne mtoto kapoa, tukamzika porini. Yeye bado anabeba. Jana kamwombea mtoto uji. Mara mbili tumemrudisha kutoka mtoni akitaka kujitosa, na huko Kasulu nani atamfuata?"

Nje basi lilikuwa limeshawashwa. Loyce akamgeukia dada.

"Yule wa kitenge," akasema kwa Kiingereza, sauti inakwaruza. "She is not fine. She is sad."

"Wote hapa wana huzuni, mdogo wangu," dada akajibu bila kuinua uso. "Yeye mwenyewe kasemaje? Naandika maneno yake tu."

Yeye mwenyewe alisema amani. Loyce akayapitia yale ya kwenye daftari. La mwisho, despair, alikuwa analiogopa, akaona akilitamka atakuwa kamsukuma mwenzake kwa mkono wake. Akapanda hadi la kwanza kabisa.

"Kasema ana sorrow," akadanganya. "Kasema anaibeba mgongoni, na haishuki."

Kalamu ikasimama. Dada akainua macho. "Mrudishe."

Mwalimu Khatibu alishafika kwenye basi, anapiga bodi kwa kofi. "Dereva! Tulia bwana, unakimbilia harusi?"

Niyibizi akarudi, akakaa vilevile, mbele ya kiti. "Umemwambia nini, mwanangu?" akauliza, ingawa walipishana miaka michache tu.

Loyce akamwambia yote, pamoja na uongo wake. Akangoja kutukanwa. Niyibizi akaendelea kujitikisa.

"Muulize mtoto alikuwa anaitwa nani," dada akasema polepole, macho kwenye kile kitenge bapa. "Hapa pana nafasi ya jina."

Loyce akauliza.

"Hana. Baba yake alisema atampa tukifika." Baba hakuwa kwenye foleni, wala Loyce hakuthubutu kumuulizia. "Hilo neno lililomwinua macho mzungu. Litamke."

"Soro."

"Tena."

"Soro. Lakini mama, hilo ni huzuni. Si jina."

"Kwetu watu wanapewa majina ya machungu," Niyibizi akasema, "na wanakua nayo. Mwambie aandike hilo."

Safari hii Loyce alitafsiri neno kwa neno, hakupunguza, hakuongeza. Dada akamtazama yeye, akamtazama Niyibizi, kalamu ikaning'inia juu ya karatasi muda mrefu. Mwishowe akaandika. Nje basi likaondoka bila Niyibizi, vumbi likaingia hemani.

Niyibizi akageuza shingo, akapeleka mdomo karibu na bega lake.

"Soro," akaita.

Akatega sikio. Loyce akajikuta naye anasikiliza.