Kitambaa Chekundu cha Maombi

Mama Fidès alisema hakuna mtu katika kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka anayeijua intaneti kumshinda yeye. Kabla jirani yake Kabibi hajafungua mdomo, akaongeza mwenyewe: "Naijua sawa vile najua askofu. Nilimuona kwa picha, yeye bado hajanisalimia."

Kabibi hakucheka. Alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri nafasi katika darasa la Kiingereza la watu wazima, na sheria ya Mwalimu Delphin ilikuwa moja tu: asiyesoma arudishe tableti, ichukuliwe na anayefuata. Tableti ya Fidès, Kabibi alikwisha kuishonea mfuko. Wa kitenge, na kifungo juu.

"Hiyo ni ya kuweka nini?" Fidès aliuliza.

"Simu."

"Simu yako imenona."

Darasa lenyewe lilikuwa hivi. Mwalimu alituma mazoezi kwenye grupu la Wasapu. Halafu kulikuwa na ukurasa mmoja wa mtandaoni wa kuwekea alama: ukiona kitu cha kukusaidia kusoma, unakihifadhi pale chini ya jina lako na kukipa neno la kukitambulisha, ili wewe na wenzako mkirudie. Hapo kwenye neno ndipo darasa lilipokwama. Mwalimu, kijana wa Uvira mwenye subira na Kifaransa kingi, alisema "catégorie" mara nne, na darasa likaitikia "ndiyo" mara nne, ile ndiyo ya kanisani.

Fidès akatoa Biblia yake. Vipande vya vitenge, masalio ya cherehani ya Kabibi, vilining'inia humo kama ndevu.

"Kijani ni kilio. Ya manjano ni ndoa. Hii nyekundu njo maombi. Pasta akisema tuko na kilio, mi navuta kijani tu. Bantu bengine bado banalamba vidole kufungua kurasa."

Mwalimu akasema siku hiyo yeye ndiye aliyefundishwa. Haikupita wiki, alama za darasa zima zikawa na majina: SOKO, HOSPITALI, BARUA. Watu walipekua alama za wenzao na kuchukua walichopenda. Zile alizoziita MAOMBI Fidès hakuna aliyezigusa. Maombi ya mtu ni ya mtu.

Ndipo Mwalimu akamwomba Fidès waende pamoja Lilongwe, akawaonyeshe walimu wenzake.

"Lakini unasoma kweli, Mama? Kule bataangalia. Ukinidanganya, tableti inaenda kwa Kabibi."

"Kila jioni. Nafunga mlango, nasoma, naomba. Uliza Kabibi, si tunagawana ukuta."

"Namusikia," Kabibi alisema kutoka mlangoni. "Anaomba kwa nguvu. Juzi alikuwa anaita, mwangushe, mwangushe."

"Shetani," Fidès akasema.

Kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria, ziliwafikisha wawili hao barabarani, basi likawafikisha mjini. Mkutano ulikuwa katika shule moja ya mtaa wa Area 36, walimu kama thelathini mbele ya ukuta mweupe. Fidès, katika nguo zake za Jumapili, alivuta kitambaa kimoja kimoja, Mwalimu akitafsiri. Wakampenda. Mama mmoja wa mstari wa mbele alisema zikomo, yaani asante, mara mbili, kisha akaomba kuona alama za bibi mwenyewe.

Mwalimu akafungua ukurasa kwa projekta. Ukajaa ukutani, mkubwa kama mlango wa kanisa. KIINGEREZA: alama tatu. MAOMBI: alama hamsini na mbili.

"Huyu ni mwombaji," yule mama akasema, na Mwalimu akatafsiri kwa fahari. "Tufungue moja, atubariki."

Fidès alisema wakati wa chai umefika. Hakuna aliyemsikia. Mwalimu akabonyeza, na ukutani wakatokea wanaume wawili wenye vifua kama magunia ya mahindi ya Mponela, mmoja na kaptula nyekundu, mwingine ya kijani, wakirushana juu ya kamba.

Walimu wakamgeukia mwombaji wao. Fidès akaukumbuka ule mfuko wa kitenge, na kifungo chake.

"Mi siijue hii," alisema. "Bale bantu sijabaona hata siku moja. Ni Kabibi. Aliazima tableti, akaweka mieleka yake katikati ya maombi yangu."

Mwalimu alimtazama, akautazama ukuta, akamtazama tena.

"Pole, Mama. Basi tuzime. Na huyu wa kijani amekwisha kushindwa, hata hapumui."

"Ngoja kwanza," Fidès akasema, na kidole chake kikawa kimeshafika ukutani. "Anajifanya. Sasa hivi ataamka, amukamate ule mwekundu shingo."

Wa kijani akaamka.